Malasi ya Wanaume: Safari Ndefu ya Harufu Mpaka Kapalata

KISANGANI – Jumapili asubuhi mtaani Kapalata, kabla ya saa tatu, ndoo za maji zimeshapita, mashati yamepigwa pasi ya makaa, na vijana wanajitayarisha kwenda kwenye ibada. Jambo la mwisho kabla ya kutoka mlangoni ni chupa ndogo. Mmoja anapuliza mara mbili shingoni, anampa mdogo wake, mdogo naye anamwita jirani. Chupa moja, watu watano. Juu yake kumeandikwa jina la nyumba kubwa ya mitindo ya Paris, na hakuna hata mmoja kati yao anayejua kama kilichomo ndani kimetoka Paris kweli.

Wazazi wengi hawapendi kuona hivyo. Swali lao ni la haki: kijana ambaye nyumbani kwao hakuna godoro la kutosha, anatafutaje pesa ya malasi? Swali hilo linauma zaidi katika familia zilizokimbia mapigano ya Wambole na Walengola, yaliyoanza Februari 2023 upande wa Lubunga. Watu walivuka mto na watoto mkononi, wengine na nguo waliyovaa tu. Mama anayehesabu vikombe vya mchele hawezi kufurahi akimwona mtoto wake wa kiume amerudi na chupa ya manukato.

Lakini ukifuata historia ya marashi ya wanaume, utaona kwamba kijana huyu hakuanzisha jambo jipya. Anapita njia ambayo wanaume wa mto huu wameipita kwa zaidi ya miaka mia moja. Na karibu kila kipindi harufu nzuri ilitumika kudai kitu kile kile: huyu ni mtu, apewe nafasi.

Mrashi na pembe za ndovu

Neno malasi la Kilingala linafanana sana na marashi ya Kiswahili. Marashi yenyewe yana mizizi katika Kiarabu, katika neno lenye maana ya kunyunyiza. Pwani hata leo kile chombo chenye shingo ndefu, cha kuwanyunyizia wageni maji ya waridi, kinaitwa mrashi. Huko Unguja na Oman kujitia manukato hakukuwa kazi ya wanawake tu. Mwanaume alifukiza kanzu yake kwa moshi wa udi. Kanzu ya Kiomani ina kishada kidogo kinachoning'inia shingoni, na desturi ni kukichovya katika manukato ili harufu ikae karibu na pua ya mwenye kanzu na ya anayemsalimu.

Biashara ya harufu ilikuwa kubwa upande wa bahari. Katika karne ya 10 mwandishi Mwarabu al-Masudi alitaja ambari ya pwani ya Zanj. Ambari ni kitu kama nta kinachotoka katika matumbo ya nyangumi, kinaelea baharini na kuokotwa ufukweni. Iliuzwa kwa bei kubwa kwa sababu inaishikilia harufu isipotee upesi. Jina hilo tutalikuta tena mbele, ndani ya chupa za leo.

Watu wa pwani waliingia bara wakitafuta pembe za ndovu na watumwa. Stanley aliweka kituo chake kwenye maporomoko mwezi wa Desemba 1883, lakini wafanyabiashara wa Unguja walikuwa wameshafika sehemu hizi. Mwaka 1887 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alikubali kumfanya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yule anayejulikana kama Tippu Tip, kuwa liwali wa Stanley Falls. Pamoja na wangwana wake kulikuja Kiswahili, Uislamu, kilimo cha mpunga na kanzu nyeupe.

Ni lazima kusema wazi kwamba utajiri huo ulijengwa juu ya vijiji vilivyochomwa na watu waliofungwa minyororo. Kwa mwanakijiji aliyemwona liwali akipita, kanzu safi na harufu ya udi zilikuwa alama ya mtu asiyebeba mzigo. Vita vya 1892 hadi 1894 kati ya watu wa Leopold na Waarabu viliondoa utawala wa liwali. Kiswahili hakikuondoka, mchele haukuondoka, na kanzu ya Ijumaa haikuondoka.

Harufu ya kinyozi

Ulaya nako kulikuwa na njia yake. Mwanzoni mwa karne ya 18 Mwitaliano Johann Maria Farina alifanya biashara katika mji wa Ujerumani unaoitwa Köln, au Cologne kwa Kifaransa. Maji yake mepesi yenye harufu ya malimau na machungwa yalipewa jina la mji, na ndiyo maana mpaka leo watu wanasema eau de cologne. Napoleon alijulikana kwa kuyatumia mengi sana. Wakati ule hakukuwa na ukuta mkali kati ya harufu ya mwanaume na ya mwanamke.

Ukuta huo ulipanda katika karne ya 19. Mwanaume wa heshima huko Ulaya alitakiwa kunukia sabuni tu. Kemia ndiyo iliyofungua mlango mwingine. Mwaka 1868 Mwingereza William Henry Perkin alifaulu kutengeneza kumarini katika maabara, kitu chenye harufu tamu ya majani makavu. Mwaka 1882 nyumba ya Houbigant ya Paris ilitoa Fougère Royale, iliyotungwa na Paul Parquet, ikichanganya kumarini na lavanda. Jina lake linahusu jimbi, mmea ambao hauna harufu kubwa yenyewe. Mchanganyiko huo ulipendwa, vinyozi wakauingiza katika sabuni na maji ya kunyolea, na baada ya muda watu wengi duniani waliamini kwamba hiyo ndiyo harufu ya mwanaume.

Kwa njia ya ndevu marashi yalirudi kwa wanaume bila aibu. Old Spice ya Marekani, ya mwaka 1938, iliuzwa kama dawa ya kupaka baada ya kunyoa, ikiwa na harufu ya viungo na karafuu, zao ambalo Unguja na Pemba zililiuza dunia nzima. Kisha zikafuata Brut mwaka 1964, Azzaro Pour Homme mwaka 1978, Drakkar Noir mwaka 1982 na Cool Water mwaka 1988. Baba wengi wa Kisangani walio na miaka zaidi ya hamsini wanaijua angalau moja kati ya hizo, hata kama waliinusa kwa bosi tu.

Mafuta ya Lokutu

Kuna sehemu ya hadithi hii iliyopita hapa hapa Tshopo. Mwaka 1911 serikali ya Ubelgiji ilimpa Mwingereza William Lever, mwenye sabuni ya Sunlight, haki ya kuchukua michikichi katika maeneo makubwa ya Kongo. Eneo moja liliitwa Elisabetha, upande wa Basoko. Leo tunaliita Lokutu. Wanaume walipanda juu ya michikichi kukata ngazi, wengi kwa kulazimishwa na kwa malipo madogo, mafuta yakashuka mtoni, yakavuka bahari na kuwa sabuni.

Mwaka 1930 kampuni ya Lever iliungana na kampuni ya Uholanzi, ikawa Unilever. Kampuni hiyo ilibaki na mashamba ya Lokutu mpaka mwaka 2009, ilipoyauza. Na mwaka 1983, huko Ufaransa, Unilever hiyo hiyo ilianzisha Axe, ile kopo nyeusi ya kupuliza kwapani ambayo kwa vijana wengi ndiyo malasi ya kwanza maishani. Kijana wa Basoko anayenunua Axe sokoni analipa kampuni ambayo babu yake pengine aliikatia ngazi. Hakuna mtu anayemwambia.

Kadi, bafu na kola nyeupe

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Wabelgiji walianza kuwagawa Wakongo kwa alama za ustaarabu. Mwaka 1948 walitoa kadi ya mérite civique, na mwaka 1952 utaratibu wa immatriculation, uliokuwa mgumu zaidi. Aliyeomba alichunguzwa. Wakaguzi waliingia nyumbani kwake, wakaangalia jiko, choo, vijiko na uma, namna anavyokaa na mke na watoto. Waliopita waliitwa évolués.

Stanleyville, jina la mji wetu wakati ule, ilikuwa na évolués wengi: makarani, wauguzi, walimu. Mmoja wao alikuwa karani wa posta, Patrice Lumumba, aliyepata immatriculation mwaka 1954. Katika maisha hayo usafi wa mwili haukuwa jambo la nyumbani tu. Mzungu alishika kalamu na kuandika kama unastahili. Kola nyeupe, viatu vinavyong'aa na maji ya cologne baada ya kunyoa vilikuwa silaha za mtu anayetaka kuingia kwa mlango wa mbele. Lakini hata mwenye kadi aliendelea kulipwa chini ya mzungu wa kazi ile ile. Mwaka 1960 watu walichagua kuuvunja mlango badala ya kusubiri kufunguliwa.

Wenye nguo wanauza harufu

Wakati huo huo Paris ilikuwa imegundua biashara nyingine. Mshonaji Paul Poiret alikuwa mbunifu wa mavazi wa kwanza kuanzisha nyumba yake ya manukato, mwaka 1911. Gabrielle Chanel alimfuata na No. 5 mwaka 1921. Hesabu yake ni rahisi. Suti ya mbunifu mkubwa wanaweza kuinunua watu wachache, lakini chupa yenye jina lake wanaweza kuinunua mamilioni. Asiyeweza kuvaa Dior anaweza kunukia Dior.

Kwa wanaume Chanel ilitoa Pour Monsieur mwaka 1955. Dior ilitoa Eau Sauvage mwaka 1966, kazi ya Edmond Roudnitska. Baadaye zilikuja zile ambazo majina yake yanaitwa sana sokoni: Le Male ya Jean Paul Gaultier mwaka 1995, Acqua di Giò ya Armani mwaka 1996, 1 Million ya Paco Rabanne mwaka 2008, Bleu de Chanel mwaka 2010, na Sauvage ya Dior mwaka 2015. Chupa ya 1 Million imetengenezwa kwa umbo la kipande cha dhahabu. Katika jimbo ambalo vijana wanachimba dhahabu wakiwa ndani ya maji mpaka kiunoni, umbo hilo halihitaji maelezo.

Kongo ilikuwa tayari kuyapokea majina hayo. Mobutu aliposhika siasa ya kurudi kwenye asili katika miaka ya 1970, suti na tai zilikatazwa, wanaume wakavaa abacost. Vijana walijibu kwa mavazi. Papa Wemba, aliyeanzisha bendi ya Viva la Musica mwaka 1977, akawa sura ya Sape, na majina ya wabunifu wa Ulaya na Japani yakaimbwa kama majina ya watakatifu. Kwa msapeur nguo bila harufu haijakamilika: watu wakuone, na ukishapita wabaki wanakutafuta. Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016 akafariki, lakini somo lake lilibaki mtaani.

Kisangani ilikuwa na pesa yake pia. Mobutu aliporuhusu watu kuchimba na kuuza almasi mwanzoni mwa miaka ya 1980, mji ulijaa nyumba za kununua mawe, zile comptoir zenye almasi kubwa zilizochorwa ukutani. Mchimbaji aliyepata jiwe aliingia mjini na kutaka kila kitu siku moja: bia, redio, viatu, malasi. Wiki mbili baadaye alirudi msituni na chupa tu.

Miaka ya baruti

Halafu harufu nyingine zikafunika zote. Jina la Kapalata lenyewe linabeba kumbukumbu nzito. Mwishoni mwa 1997 na mwanzoni mwa 1998, vijana wa Mai-Mai walioletwa kutoka Kivu, wengine bado watoto, waliwekwa katika kambi ya jeshi ya Kapalata, na kipindupindu kiliua wengi. Kisha ikaja Juni 2000. Kuanzia tarehe 5 hadi 10, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji ambao haukuwa wa yeyote kati yao. Makombora zaidi ya 6,000 yalianguka na raia zaidi ya 700 waliuawa. Mwezi wa Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vyake nchini, na Kisangani ni sehemu ya hesabu hiyo.

Watu walioishi siku hizo sita hawasimulii sauti peke yake. Wanasimulia harufu: baruti, moshi, miili iliyokosa kuzikwa. Harufu inaingia haraka katika sehemu ya ubongo inayoshika kumbukumbu na hofu, ndiyo maana mtu anaweza kusahau tarehe lakini harufu ikimrudia anashtuka. Kwa njia hiyo hiyo harufu nzuri inaweza kumrudishia mtu siku njema: harusi, baba aliyetoka kunyoa, kanisa la kijijini kabla ya kukimbia.

Mto ulipofunguka tena baada ya mapatano ya amani, bidhaa zilirudi, na sasa nyingi zinatoka Dubai. Hapo duara linafunga. Nyumba za Ghuba kama Lattafa na Armaf zinatengeneza marashi yanayofanana na yale ya Paris, yakiwa na majina yao wenyewe, kwa bei ndogo. Oman nayo ina nyumba yake, Amouage, iliyoanzishwa mwaka 1983 kwa agizo la Sultani Qaboos. Harufu iliyokuja mtoni kwanza kwa njia ya Unguja inarudi tena kwa njia ya Waarabu, safari hii ndani ya kontena.

Ndani ya chupa kuna nini

Marashi ni mafuta ya harufu yaliyochanganywa na alkoholi na maji kidogo. Eau de toilette ina mafuta machache, eau de parfum ina mengi zaidi na inakaa zaidi mwilini. Harufu inatoka kwa hatua. Kwanza unasikia malimau na viungo vyepesi, vinavyopotea katika dakika chache. Baadaye yanakuja maua na majani. Mwisho zinabaki mbao, miski na ambari. Ambari ya leo si ya nyangumi. Mwaka 1950 wanakemia wa kampuni ya Firmenich ya Geneva walionyesha namna ya kuiiga, na ndugu wa kitu hicho, ambroksani, ndiye anayesikika kwa nguvu katika Sauvage. Kijana wa Kapalata anapuliza kivuli cha kile kile ambacho al-Masudi alikitaja miaka zaidi ya elfu moja iliyopita.

Lakini chupa halisi ya Sauvage ya mililita 100 inazidi dola 100 Ulaya. Ile inayouzwa sokoni kwa bei ya sahani mbili za samaki na lituma haiwezi kuwa hiyo. Tofauti ni muhimu. Marashi ya Ghuba yenye jina lake ni bidhaa halali. Chupa inayoiba jina la mwingine haina mtu wa kuwajibika, na ndani inaweza kuwa na methanoli, alkoholi ya viwandani yenye sumu. Kwa hiyo inafaa kujaribu kwanza tone moja kwenye mkono na kusubiri mpaka kesho yake. Ngozi ikiwasha au kutoka vipele, iache. Usimpulizie mtoto mchanga, na usipulize karibu na mshumaa au mbabula, kwa sababu alkoholi inawaka. Chupa halisi ikiisha, kwangua jina kabla ya kuitupa, maana kuna watu wanaokusanya chupa tupu na kuzijaza tena.

Wazee husema kizuri chajiuza. Kinachojiuza kwanza ni mwili uliooga. Kapalata iliyopoteza vijana kwa kipindupindu inajua thamani ya maji safi na sabuni, na familia zinazopokea ndugu waliokimbia zinajua kwamba msaada unapofika, sabuni ndiyo inayoisha mapema. Pesa ikiwa ndogo, sabuni ya wote inatangulia malasi ya mmoja. Hapo wazazi wana haki kabisa.

Ila kuna jambo ambalo kijana naye anaweza kumwambia mama yake. Aliyekimbia amepoteza nyumba, shamba na mara nyingi karatasi zake. Akienda kutafuta kazi ya kubeba matofali au ya kuendesha toleka, watu wanamtazama kama mkimbizi kabla ya kumwuliza jina. Anapopuliza mara mbili shingoni asubuhi, anataka kwa saa chache asionekane kama mtu aliyetoka kambini. Évolué wa mwaka 1954 alikuwa na sababu inayofanana, ingawa yeye alimvalia mkaguzi.

Jumapili ibada ikiisha, harufu ya kwanza imeshapotea na jua la saa sita, ile ya mwisho bado inasikika kidogo kwenye kola. Shati linavuliwa na kutundikwa, halifuliwi leo. Chupa inarudi juu ya kabati, kifuniko kimekazwa, ikisubiri Jumapili nyingine na watu wake watano.